Ardhi ya watu ina sheria zake: maongezi na wageni wanaotaka kuwekeza kwenye nyumba

Shikamooni wakubwa, na wengine mambo zenu. Nimeombwa niongee kuhusu kuwekeza kwenye nyumba na viwanja ukiwa mgeni kwenye nchi ya watu, nitaongea nilivyozoea kuongea, mkiona nimepotea njia mnirudishe. (Hapa nimeandika kama nilivyosema siku ile, nimepunguza tu vichekesho ambavyo havikuchekesha.)

Kwanza niseme mapema, mimi sio wakili, sio mshauri wa fedha, wala siuzi nyumba, hamna anayenilipa mkinunua wala msiponunua. Nalitaja hilo kwa sababu ukiwa mgeni karibu kila mtu atakayekufundisha bure habari za nyumba ana nyumba ya kukuuzia, na sio dhambi, ndo kazi yake, ila somo lake linaishia pale biashara yake inapoanzia.

Sasa mgeni anaponzwa na yale anayoyajua kuliko yale asiyoyajua. Mtu anafika ugenini akiwa mtu mzima, ameshajenga kwao au amewaona wazazi wakijenga, anajua kiwanja ni nini, hati ni nini, dalali ni nani, anajua kwamba ardhi haiozi na bei haishuki, basi anabeba yote hayo anapanda nayo ndege. Na ardhi ndo kitu ambacho sheria zake zinabadilika kuliko kitu chochote ukivuka mpaka! Dhahabu ni dhahabu popote uendapo, hisa ni hisa, lakini ukilipia nyumba, kile unachopewa kinategemea umesimama nchi gani na pasipoti yako inasemaje. Kwa hiyo kazi ya mwanzo ni kuweka pembeni uliyokuja nayo na kuuliza maswali ya kitoto kabisa, yale ambayo mtu mzima anaona aibu kuuliza.

Swali la kitoto la kwanza: hivi mimi naruhusiwa?

Msicheke. Thailand mgeni hawezi kumiliki ardhi hivihivi, anaweza kumiliki apatimenti, na hata hizo apatimenti, eneo linalomilikiwa na wageni kwenye jengo zima halitakiwi kuzidi asilimia 49, zikishajaa zimejaa. Mexico, ukiwa ndani ya kilomita 50 kutoka baharini au kilomita 100 kutoka mpakani, mgeni haandikwi yeye kwenye hati ya nyumba ya kuishi, inaandikwa benki kama mdhamini anayekushikia wewe, kwa mkataba wa miaka 50 unaoweza kuongezwa. Kenya, katiba ya 2010 kifungu cha 65 inasema asiye raia anapata ardhi kwa muda tu, miaka isiyozidi 99. Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya Rais, na Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi mgeni ardhi isipokuwa kwa shughuli ya uwekezaji. Canada walifunga mlango tarehe 1 Januari 2023 kwa wageni wengi kununua nyumba za makazi mijini, ilikuwa iwe miaka miwili wakaongeza hadi 2027. New Zealand nao walifunga wa kwao 2018. Australia, kuanzia Aprili 2025 mpaka mwisho wa Machi 2027, mgeni haruhusiwi kununua nyumba ambayo tayari ilishakuwepo, ukitaka ununue mpya, tena kwa kibali.

Mnaona mchezo? Na hapo kuna kitu kinawapita wengi sana. Hili neno mgeni kisheria sio kundi moja. Kuna mgeni wa kutembea, kuna mwanafunzi, kuna mwenye kibali cha kazi, kuna mwenye ukaazi wa kudumu, na kila mmoja ana mlango wake. Singapore wanaonesha vizuri, maana toka Aprili 2023 mgeni anayenunua nyumba ya makazi analipa ushuru wa ziada wa asilimia 60 ya bei, sitini, juu ya ule wa kawaida, wakati mwenye ukaazi wa kudumu anayenunua nyumba yake ya kwanza analipa ziada ya asilimia 5. Nyumba hiyohiyo, mtu huyohuyo, kinachotofautisha ni karatasi ya uhamiaji. Kwa hiyo kama unategemea karatasi hiyo mwakani na mtu anakusukuma ununue mwaka huu kwa sababu eti bei zinakimbia, piga hesabu bei ikimbie kiasi gani ili ifikie huo ushuru wa asilimia 60.

England nako kuna kadogo ambako watu hawakajui. Ukinunua nyumba na kwenye miezi 12 ya nyuma hukukaa Uingereza angalau siku 183, unalipa asilimia 2 zaidi kwenye ushuru wa kununua, hii ipo toka Aprili 2021. Wanaangalia siku ulizokaa, uraia wako hauhusiki kabisa. Alafu ukishanunua ukaendelea kukaa mpaka ukatimiza hizo siku ndani ya muda uliowekwa, unaweza kudai urudishiwe. Nani anakwambia hilo? Ajenti hakwambii, hajaajiriwa kukwambia.

Kuna watu humu najua wanawaza njia ya mkato, kwamba si nitamuandikisha shemeji au rafiki mwenye uraia. Nasema taratibu lakini naomba mnisikie. Nchi zenye vizuizi hivi zinaijua hiyo njia kuliko unavyoijua wewe, Thailand kwa mfano kumtumia mwenyeji kama kivuli ni kosa la jinai, kwake na kwako. Na hata pale ambapo sio kosa, aliyeandikwa kwenye daftari la ardhi ndo mwenye mali, akifariki warithi wake ndo wenye mali, akitalikiwa mke au mume wake ana sehemu, akidaiwa na benki yake mali inachukuliwa, na wewe una meseji za simu. Hamna mahakama nzuri ya meseji za simu kwenye mambo ya ardhi.

Tuje la pili. Nimeruhusiwa, sawa, nanunua nini hasa?

Hapa napenda kukaa kidogo kwa sababu ndipo mtu anapoona nyumba nzuri, jiko zuri, dirisha kubwa, akasahau kuuliza. Kuna umiliki wa kudumu na kuna umiliki wa muda. Kule England na Wales apatimenti nyingi ni za muda, umenunua miaka, labda 125, labda 99, labda imebaki 70 na hukuangalia. Ikishuka chini ya 80 gharama ya kuongeza imekuwa ikipanda vibaya, na benki nyingi zinaanza kusitasita kumkopesha atakayetaka kununua kutoka kwako, maana yake una nyumba ila huna mnunuzi. Kwa hiyo ukiona apatimenti ya bei poa kuliko jirani zake, kabla hujashukuru Mungu uliza imebaki miaka mingapi.

Na ukinunua apatimenti umenunua pia ndoa na watu usiowajua. Paa ni lenu wote, lifti ni yenu wote, ukuta wa nje ni wenu wote. Mwaka 2017 jengo la Grenfell jijini London liliungua watu 72 wakafa, moto ukipanda kwenye vile vibao vilivyobandikwa nje ya jengo, na baada ya pale ikagundulika majengo mengi nchini yana matatizo ya aina hiyo, wenye apatimenti wakajikuta hawawezi kuuza, benki hazitaki kusikia, na wengine wakaletewa bili za ukarabati kubwa za kutisha kwa kitu ambacho wao hawakukijenga. Serikali iliingilia baadae kwa sheria na fedha, lakini watu walipoteza miaka yao pale. Somo la mgeni ni kwamba unaposoma makaratasi ya apatimenti usisome ya chumba chako tu, omba kumbukumbu za vikao vya wamiliki, hesabu za mfuko wa matengenezo, uliza kuna kazi gani kubwa inakuja. Mfuko ukiwa mtupu na paa ni la zamani, hilo paa ni lako.

Alafu hii imani kwamba nyumba haishuki bei. Nawapeleka Japani. Kule nyumba ya mbao kwa hesabu za kodi inahesabiwa kwamba maisha yake ni miaka 22, na soko limezoea hivohivo, jengo linapungua thamani mwaka hadi mwaka kinachobaki ni ardhi, na ardhi yenyewe ilianguka vibaya mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya bei kupandishwa kijinga miaka ya 80. Sensa ya makazi ya 2023 ilikuta nyumba tupu kama milioni 9 nchi nzima. Sasa hivi kuna vidio kibao za wageni wanaonunua nyumba za vijijini kule kwa bei ya kutupa, na ni kweli mgeni anaruhusiwa kununua Japani bila kikwazo kikubwa, ila haimpi ruhusa ya kuishi, na hiyo bei ya kutupa ina sababu yake. Muulize muuzaji imejengwa kabla au baada ya Juni 1981, kwa sababu ndo walipobadilisha viwango vya kuhimili tetemeko.

La tatu, najuaje kwamba anayeniuzia ni mwenye mali, na nani kwenye hii meza ni mtu wangu?

Kuna nchi ambazo daftari la serikali ndo neno la mwisho. Mfumo huo mmojawapo ulianzia South Australia mwaka 1858, wanauita kwa jina la Robert Torrens aliyeusukuma, ukisajiliwa wewe basi ni wewe, na umesambaa nchi nyingi. Marekani kwa sehemu kubwa sio hivyo, kule kumbukumbu zinatunzwa kaunti kwa kaunti, kinachosajiliwa ni makaratasi na sio umiliki wenyewe, ndo maana wana bima ya hati, kampuni inapekua historia ya nyumba alafu inakukatia bima likiibuka deni la zamani au mrithi aliyesahaulika. Mgeni akiletewa gharama ya hiyo bima anaona kama anaibiwa, anaikataa ili aokoe kidogo. Kuna ile ya lazima inayomlinda mkopeshaji na kuna ya kukulinda wewe, muwe makini, unaweza kulipia ya benki ukadhani umelindwa.

Ujerumani na Ufaransa mkataba wa nyumba unapita kwa notari. Watu wetu wanamuona amevaa suti, anasoma mkataba kwa sauti, wanadhani ni wakili wao. Hapana. Huyo anasimamia sheria, hayuko upande wako wala wa muuzaji, kama bei ni ya kijinga yeye hatakwambia, atasoma tu hiyo bei ya kijinga kwa sauti nzuri. Ukitaka mtu wa upande wako unamlipa mwenyewe. Ufaransa angalau baada ya kusaini mkataba wa awali mnunuzi wa nyumba ya kuishi anapewa siku 10 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, nchi nyingine huna hata saa moja, ukisaini umesaini, na kwenye mnada nyundo ikigonga ndo basi.

Wakili usimchukue yule uliyeelekezwa na muuzaji. Hata kama ni mwaminifu, ana wateja wake wa kudumu na wewe sio mmoja wao. Kama lugha ya nchi bado inakusumbua lipia mkalimani aliyeapishwa, mkataba wa nyumba sio sehemu ya kujaribia lugha wala ya kumtegemea mtoto wako wa sekondari, nimeona mtoto wa kidato cha pili anamtafsiria mama yake vipengele vya riba, alikuwa anafanya alivyoweza masikini ya Mungu.

Na hapa niseme jambo ambalo halipendwi. Atakayekuumiza ugenini mara nyingi atakusalimia kwa lugha yako. Matapeli wa kundi moja wanajua mnaaminiana, mnasali pamoja, mnazikana, wanajua ukiibiwa utaona aibu kumshtaki mwenzako na polisi wa ugenini unawaogopa. Anakuja na dili la kiwanja au la nyumba za kukarabati na kuuza, faida ya uhakika, wameshaingia fulani na fulani, na kweli fulani kalipwa, kalipwa na hela ya aliyeingia baada yake. Kipimo changu ni rahisi: hela inakwenda kwenye akaunti ya nani? Kama ni akaunti ya wakili aliyesajiliwa au ya mtu wa kati anayetambulika kisheria, na usajili wake umeuangalia mwenyewe kwenye websaiti ya chama chao, tuongee. Kama ni akaunti yake binafsi, muage kwa heshima.

Haya mambo ya nyumba za kwenye ramani, ambazo hazijajengwa, sitakaa sana. Zina faida zake, unalipa kidogokidogo, ila umemkopesha mjenzi bila kuwa benki. China mwaka 2022 wanunuzi wa miradi iliyokwama waligoma kulipa mikopo ya nyumba ambazo hazijaisha, baada ya makampuni makubwa kama Evergrande kushindwa kulipa madeni. Dubai walishatunga sheria ya 2007 kwamba hela za wanunuzi ziingie kwenye akaunti maalumu ya mradi, na ni jambo zuri, ila bado ni kazi yako kuhakikisha hiyo akaunti ipo na namba yake ndo hiyo unayolipia.

Tuje kwenye hela, naona mlikuwa mnaisubiri.

Ukifika nchi mpya, hata kama kwenu ulikuwa mtu wa kukopesheka, unaanzia sifuri. Marekani alama za ukopaji, zile benki wanazokupimia kama unalipa madeni vizuri, zinakwenda kuanzia 300 hadi 850 na mgeni hana hata hiyo 300, hana alama kabisa, mfumo haumjui. Kwa hiyo mwaka wa kwanza na wa pili ambao watu wanaona wanachelewa, kumbe ndo miaka ya kujenga hiyo historia, kadi ndogo ya mkopo unailipa kwa wakati, bili kwa jina lako, akaunti ya benki isiyoyumba. Tunza pia ushahidi wa hela yako imetoka wapi, risiti za kutuma, barua ya mzazi aliyekupa, mkataba wa mali uliyouza nyumbani. Benki na wanasheria wanalazimika kuuliza chanzo cha fedha, ukisema tu "ni akiba yangu" wanakuangalia. Na hela taslimu, ukivuka nayo kuanzia euro 10,000 kuingia au kutoka Umoja wa Ulaya, au zaidi ya dola 10,000 Marekani, unaitangaza. Kutangaza hakukatwi chochote, kutotangaza ndo wanaichukua.

Alafu mkopo wenyewe. Mmarekani wa kawaida anakopa miaka 30 kwa riba isiyobadilika, amepanga maisha yake mpaka uzeeni. Uingereza riba inashikwa miaka miwili au mitano alafu unaingia tena sokoni. Mtu aliyesikia ushauri wa binamu yake wa Marekani akaja kuutumia Uingereza alishangaa 2022 na 2023 riba zilipopanda, malipo ya mwezi yakaruka, na nyumba ya kupangisha iliyokuwa inajilipa yenyewe ikaanza kumla mshahara.

Ila kisa ninachokipenda kuliko vyote, nikisema nakipenda mnanielewa, ni cha faranga ya Uswisi. Miaka ya 2000 watu wengi Poland, Hungary, Croatia walikopa mikopo ya nyumba kwa faranga ya Uswisi kwa sababu riba yake ilikuwa ndogo kuliko ya hela yao. Mshahara wao hela ya kwao, zloti kwa wa Poland, deni lao faranga. Faranga ikaanza kupanda baada ya 2008, na tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi ikaachia kile kiwango cha 1.20 kwa euro walichokuwa wanakishikilia, na siku hiyohiyo faranga ikaruka. Mtu aliamka asubuhi, hajakopa tena, hajakosa rejesho hata moja, deni limekua. Wengine wamelipa miaka na miaka na bado walikuwa wanadaiwa zaidi ya walichokopa. Hungary serikali ilikuwa imeanza kuigeuza ile mikopo miezi michache kabla, Poland kesi zimeenda mahakamani kwa miaka.

Nawaambia hicho kwa sababu sisi tuko kwenye hatari hiyohiyo kwa njia nyingi na hatuioni. Unalipwa kwa hela ya ugenini, unakopa nyumbani kujenga, au unalipwa nyumbani unalipia mkopo wa huku, au kodi ya mpangaji inaingia kwa hela moja na unahesabu faida kwa hela nyingine. Nyumba inaweza kupanda bei asilimia 30 na wewe ukapata hasara kwa sababu hela ya nchi ile imeshuka asilimia 40. Kwa hiyo mkopo na kipato viwe kwenye hela moja, mimi kwa hilo sina mjadala.

Sasa tupige hesabu moja, hela yoyote ile, msiweke jina. Nyumba ni 200,000. Kodi 1,000 kwa mwezi, 12,000 kwa mwaka, ajenti anakwambia hiyo ni asilimia 6 safi. Haya. Mwezi mmoja nyumba imekaa tupu kati ya mpangaji na mpangaji, imebaki 11,000. Msimamizi anachukua asilimia 10, imebaki 9,900. Matengenezo weka asilimia 1 ya bei ya nyumba, 2,000, imebaki 7,900. Bima, kodi ya jengo na ada ya huduma tuseme 2,400, imebaki 5,500. Alafu ile nyumba haikukugharimu 200,000, kuna ushuru, notari, wakili, ajenti, tuseme asilimia 10, Ujerumani mara nyingi inafika hapo maana ushuru wa kununua peke yake ni kati ya asilimia 3.5 na 6.5 kutegemea jimbo. Kwa hiyo umetoa 220,000 kupata 5,500. Asilimia 2 na nusu. Na hapo hatujagusa kodi ya mapato wala riba ya mkopo! Sisemi usinunue, nasema ajenti alikuwa anakuonesha ile 6.

Hizo gharama za kuingia ndo zinazofanya kununua na kuuza harakaharaka ugenini kuwe kugumu. Na kuna za kutokea. Ujerumani nyumba ya kupangisha ukiiuza kabla ya miaka 10 faida inatozwa kodi, ukivuka 10 kwa kawaida haitozwi. Marekani mgeni asiye mkaazi akiuza, mnunuzi analazimika kwa kawaida kukata asilimia 15 ya bei nzima ya kuuzia, sio ya faida, na kuipeleka mamlaka ya kodi, wewe utadai baadae kilichozidi.

Mtu kauliza pale katikati, vipi kwa sisi tusiotaka riba? Zipo njia, murabaha ambapo benki inanunua alafu inakuuzia kwa bei ya juu kwa awamu, na ijara ambapo benki inamiliki wewe unapanga huku unanunua sehemu yake. Uingereza zamani zilikuwa zinatozwa ushuru mara mbili kwa sababu nyumba inauzwa mara mbili, wakaliondoa hilo mwaka 2003. Soma mkataba uleule kwa makini uleule, jina la Kiarabu halifuti ada za kuchelewa.

Wapangaji nao wana sheria zao. Ufaransa kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi kwa kawaida humtoi mpangaji hata kama hajalipa. Berlin waliweka ukomo wa kodi ya pango mwaka 2020, mahakama ya katiba ikaufuta Aprili 2021, kwa hiyo ndani ya mwaka na kidogo mwenye nyumba alishushiwa kodi na kurudishiwa. Barcelona wametangaza kwamba leseni za apatimenti za watalii zitaisha Novemba 2028. Ukinunua kwa hesabu ya watalii, umenunua leseni ya mtu mwingine.

Na wanaonunua ili wapate makaratasi ya kuishi, harakisheni kusoma habari mpya. Ureno waliitoa njia ya nyumba Oktoba 2023, Hispania wakafunga kabisa Aprili 2025. Mauzo ya nyumba kwa kisingizio cha viza bado yanaendelea mitandaoni kama hakuna kilichotokea.

Sasa mtu anajifunzaje bila kuchoma hela? Panga kwanza mtaa unaoutamani, kaa misimu yote, utajua ni saa ngapi basi linaacha kupita na maji yanasimama wapi mvua ikinyesha. Soma bei halisi zilizouzwa, achana na zile za matangazo. England na Wales bei za mauzo toka 1995 ziko wazi kwenye intaneti, Ufaransa nao wamezifungua toka 2019. Daftari la nyumba yoyote iliyosajiliwa England unalipia ada ndogo unalisoma, chukua la nyumba unayopanga sasa hivi ujizoeze, uone mwenye nyumba wako anadaiwa na benki gani. Nenda minadani ukae nyuma mikono mfukoni. Nenda kuangalia nyumba ambazo huna mpango wa kuzinunua, ajenti atakuchukia kidogo lakini ni sehemu ya kazi. Na ukitaka kuingia sokoni kwa hela ndogo huku unasoma, kuna hisa za zile kampuni zinazomiliki majengo, REIT, Marekani zilianza kwa sheria ya 1960, unanunua leo unauza kesho, na ripoti zao za mwaka zinakufundisha msamiati wote wa biashara hii bure. Zinapanda na kushuka kama hisa nyingine, hilo mlijue.

Nimalizie na kifo, samahanini.

Mali ya ugenini inarithiwa kwa sheria za ugenini mara nyingi. Ufaransa watoto wana fungu lao kisheria, huwezi kuamka ukamwandikia mtu mwingine yote. Nchi nyingi za Umoja wa Ulaya, toka 17 Agosti 2015, zinakuruhusu kuandika kwenye wosia kwamba unachagua sheria ya nchi ya uraia wako, lakini lazima uandike, usipoandika wanaangalia ulikuwa unaishi wapi, na Denmark na Ireland hawamo kwenye utaratibu huo. Marekani ndo kali zaidi, asiye raia na asiye na makazi ya kudumu kule akifa na nyumba kule, msamaha wa kodi ya mirathi ni dola 60,000 tu, labda mkataba wa kodi kati ya nchi mbili umsaidie, wakati raia ana msamaha wa mamilioni. Yaani mjane yuko nyumbani huku, hajawahi hata kuiona hiyo nyumba, anaandikiwa kodi. Wosia wa mali ya nchi ile uandikwe kwa wakili wa nchi ile, na uandikwe kipindi kilekile unachokamilisha ununuzi, mkeo au mumeo ajue namba ya hati na simu ya wakili. Na wosia wa huku usiufute wa kule kwa bahati mbaya, ile sentensi ya "nafuta wosia zote zilizotangulia" mwambie wakili aiangalie vizuri.

Haya, nasikiliza maswali, tuanze na wale wa nyuma maana kila siku wanasahauliwa.